Nani Alimtoa Mungu Kwenye Wakati?

Kuna fundisho lililoenea makanisani mwetu kiasi kwamba ukilihoji unaonekana umeihoji imani yenyewe. Linasema Mungu yuko nje ya wakati. Kwake hakuna jana wala kesho. Yaliyopita na yajayo yote yako mbele yake kwa mpigo mmoja, yamekamilika, yametulia. Utalisikia Nairobi, Mwanza, Kampala na Bukavu, na utalisikia vilevile kwenye maombi ya nyumbani ya watu wetu walioko Toronto. Nadai kwamba fundisho hili halikutoka katika Biblia, na kwamba likimfikia mtu anayesubiri jambo zito linamwumiza. Sisemi hivyo kwa kumpunguzia Mungu ukuu. Mungu ninayemsoma katika Maandiko ni mkuu kuliko huyo aliyegandishwa.

Nitaanzia Lawrence Heights, kwa sababu ni vigumu kupata mahali panapojua kusubiri kuliko pale. Ni mtaa wa nyumba za umma upande wa kaskazini wa jiji la Toronto, uliojengwa kuanzia miaka ya 1950, ukapasuliwa katikati na barabara kuu ya Allen. Wanaishi humo familia zenye asili ya visiwa vya Karibi, Wasomali wengi, na wengine waliotoka pande zetu za Afrika. Mwaka 2011 halmashauri ya jiji ilipitisha mpango wa kuubomoa na kuujenga upya: nyumba 1,208 za kodi nafuu zivunjwe zote na zirudishwe zote, kwa awamu, kwa muda wa miaka ishirini hivi, wapangaji wakiahidiwa haki ya kurudi. Mtoto aliyekuwa chekechea siku mpango ulipopita leo ni mtu mzima, na bado ziko nyumba zinazongoja zamu yao. Aliye nje ya mtaa anayetaka nyumba ya aina hiyo anaingia kwenye orodha ya makumi ya maelfu ya kaya. Na juu ya hayo kuna kungoja kwa uhamiaji, ambako kila aliyekuja na mguu mmoja huku mwingine akiuacha kambini anakujua.

Nilikaa kwenye maombi katika sebule moja ya mtaa huo, jioni ya baridi kali, viatu vimerundikana mlangoni na weupe wa chumvi ya barabarani umekaukia kwenye ngozi ya viatu hivyo. Mama mmoja wa Uvira alieleza kwamba shauri la kumleta mumewe na mtoto wao halijajibiwa. Mapajani alikuwa na bahasha ambayo kona zake zimelegea kwa kushikwashikwa. Mtumishi aliyeongoza alimwambia kwa upole, na naamini alimwambia kwa upendo: "Mama, kwa Mungu hakuna kuchelewa. Kwa Mungu mumeo alishafika. Ni sisi tu macho yetu hayajaona." Watu wakaitikia amina. Mama naye akaitikia: "Amina, pasta." Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini mtoto anakua." Hakuna aliyemjibu. Ukaanzishwa wimbo.

Maneno yale ya mama yalistahili jibu. Mtoto aliyeachwa ananyonya hatanyonya tena. Meno yake ya kwanza yameota mama hayupo na yameng'oka mama hayupo. Ule muda umepita kweli, na hakuna mtazamo wa juu mbinguni unaoweza kuufanya usiwe umepita. Mtu akiniambia kwamba machoni pa Mungu mume yule alishafika, namwuliza: na kama hatafika? Kwa kanuni ileile, basi machoni pa Mungu alishakufa njiani. Fundisho hili lina makali pande zote mbili, ila wahubiri wetu hutuonyesha upande mtamu tu. Kama yote yameshatendeka, maafa nayo yameshatendeka, na mama aliyepiga magoti anaomba nini? Anaomba kilichokwisha kisiwe kimekwisha? Afadhali tumwambie anyamaze kuliko kumwita aombe halafu tumfundishe kwamba hakuna kilichobaki cha kuombea.

Fundisho hili lilikotoka kunajulikana, wala hakuna siri. Katika kitabu chake Timaio, mwanafalsafa Plato aliufanya wakati uwe mfano tu unaozunguka wa umilele usiosogea. Kwa wanafalsafa wa mkondo huo, kilicho kamili hakibadiliki, maana anayebadilika ama anapata alichokosa ama anapoteza alichokuwa nacho. Plotino, katika karne ya 3, alilikaza wazo hilo. Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyesoma vitabu vya wafuasi wa Plato kabla ya kubatizwa mwaka 387, akalipa makao ndani ya kanisa kwa kitabu cha 11 cha Maungamo yake. Namheshimu sana Augustino, kwa kuwa mle ndani anakiri waziwazi jinsi wakati unavyomchanganya, na sura zote zile ameziandika kama sala, mtu akizungumza na Mungu neno kwa neno, akisubiri kufunguliwa. Hata alipokuwa anamweka Mungu nje ya wakati alilazimika kumwendea kwa wakati.

Aliyetupa tafsiri tunayoirudia mpaka leo ni Boethius, mkuu wa Kirumi aliyefungwa na mfalme Theodoric na kuuawa mnamo mwaka 524. Akiwa kifungoni aliandika Faraja ya Falsafa, na ndani yake akaeleza umilele kuwa ni kuumiliki uhai wote usio na mipaka kwa mara moja, bila kufuatana. Alikuwa mtu anayengoja kifo, na simlaumu kwa kutafuta kilele ambako kungoja hakupo. Lakini tukumbuke kwamba kitabu hicho, kilichofunza kanisa la Magharibi kwa miaka elfu namna ya kuufikiri umilele wa Mungu, hakimtaji Kristo hata mara moja. Mfariji anayeingia gerezani mle ni bibi Falsafa. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, akaongeza mfano wa mtu aliye juu mahali pa kuona mbali, anayewaona wasafiri wote wa njia kwa pamoja, wakati wao kwa wao hawaonani. Ndio mfano uleule ambao leo mhubiri wa Lawrence Heights anausimulia kwa helikopta, akidhani ameutoa katika Zaburi.

Tukalipokea fundisho hilo pamoja na Injili. Ibara ya kwanza kati ya zile 39 za Kianglikana za mwaka 1571, na Ungamo la Westminster la mwaka 1646 ambalo Wapresbiteri wetu wamelirithi, zote mbili zinamkatalia Mungu misukosuko yoyote ya moyo. Mungu asiyeguswa ni ndugu wa Mungu asiye na wakati. Ukimkaribisha mmoja, mwenzake hubisha hodi.

Sasa tufungue Maandiko. Hoja ya kwanza tunayotupiwa ni Zaburi ya 90 na Waraka wa Pili wa Petro, zinazolinganisha siku na miaka elfu. Soma sura nzima ya Petro, sura ya 3. Watu walikuwa wanadhihaki kwamba ahadi imechelewa, na mtume anajibu kwamba Mungu anavumilia, hataki watu wapotee. Uvumilivu! Asiye na wakati hawezi kuvumilia, kama asivyoweza kuharakisha. Aya inayotumiwa kumtoa Mungu kwenye wakati imewekwa na mwandishi wake mwenyewe katikati ya hoja inayomhitaji Mungu awe anasubiri. Miaka yetu ni midogo mbele zake. Hilo nakubali bila shida. Udogo si kutokuwapo.

Hoja ya pili ni kwamba Mungu habadiliki, Malaki 3 na Yakobo 1. Ni kweli. Lakini sura hizo zinazungumzia uaminifu: Waisraeli hawajaangamizwa kwa sababu Mungu hakuliacha agano lake. Mtu mwaminifu kwa mkewe miaka hamsini habadiliki, na katika miaka hiyo hamsini amecheka, amelia, amekasirika, amesamehe. Biblia hiyohiyo inasema Mungu alighairi juu ya Ninawi, na Yona akanuna kwa sababu hiyo. Wanateolojia wa mkondo wa Plato hutuambia kwamba hizo ni lugha za kibinadamu tu. Sawa, lakini kwa kipimo gani wanaamua kwamba Malaki anasema kweli tupu na Yona anasema kwa mfano? Kipimo hicho hawakukikuta katika Malaki wala katika Yona. Wamekuja nacho.

Ya tatu ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi: ule mlango wa 10 wa Ufunuo ambapo malaika anaapa kwamba wakati hautakuwapo tena. Watu huikata pale na kufunga kitabu. Aya inayofuata inataja siku za sauti ya malaika wa saba. Siku hizo zinatoka wapi, kama wakati umekufa? Kinachokwisha pale ni kuchelewa. Katika mlango wa 6, roho za waliouawa zinalia chini ya madhabahu zikiuliza hata lini, nazo zinapewa mavazi meupe na kuambiwa zipumzike kidogo kwanza. Watu hawa wamekwisha kufa, wako mbele ya Mungu, na bado wanauliza lini, na hakuna anayewakemea kwamba huku juu hakuna lini. Kisha katika mlango wa 8, muhuri wa saba unapofunguliwa, mbingu inanyamaza kwa muda wa kama nusu saa. Nusu saa mbinguni. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya aya hiyo, na ninadhani najua kwa nini.

Lililo zito kuliko yote ni Neno kufanyika mwili. Kanisa lote, Mashariki na Magharibi, kila linapokiri imani yake linamtaja afisa mmoja wa Kirumi, Pontio Pilato. Kwa nini jina la mtawala wa mkoa liwe ndani ya Kanuni ya Imani? Kwa sababu wokovu una tarehe. Mungu alifanya jambo ambalo kabla yake lilikuwa halijafanyika. Waraka kwa Waebrania unasema Mwana alijifunza utii kwa mateso, na kujifunza ni kitu ambacho huwezi kukifanya kwa mpigo mmoja. Anayesema kwamba Mungu hana kabla wala baada, basi aniambie maana ya kusema alifanyika mwanadamu.

Wako wasomi wetu watakaoniambia kwamba nabisha mlango uliokwisha kufunguliwa, kwa kuwa John Mbiti alishatuonyesha kwamba wakati wa Mwafrika si wakati wa Mzungu. Mbiti, Mkamba wa Kitui aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwaka 2019, ndiye aliyeweka swali hili mezani, na kwa hilo tunamdai shukrani isiyokwisha. Katika utafiti wake wa Cambridge, uliokamilika mwaka 1963 na kutoka kama kitabu mwaka 1971, aliwachunguza Wakristo wa Ukambani waliofundishwa na misheni ya Africa Inland. Aliona kwamba mhubiri hafiki na Injili peke yake. Hufika pia na namna yake ya kuufikiri wakati, na mwisho wa dunia anaouhubiri umejengwa juu ya namna hiyo. Swali zuri sana. Jibu lake, alilolisambaza mwaka 1969 katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, ndilo lililotupoteza: kwamba Mwafrika wa jadi ana Sasa na Zamani, maneno aliyoyachukua katika Kiswahili chetu, na kwamba wakati ujao karibu haumo, ukiwapo unafika miezi michache, au miaka miwili kwa mbali.

Seminari zetu zimelifundisha hilo kwa nusu karne, na wageni wakalipenda kwa sababu liliwaeleza kwa nini tunachelewa mikutano. Lakini ni nani aliyepanda mnazi akitarajia kuuangua baada ya miaka miwili? Wagikuyu walikuwa na ituika, ambapo kizazi kimoja kilikikabidhi kingine madaraka kila baada ya miaka thelathini hivi. Vijana walijua zamu yao itakuja na wakajiandaa nayo maisha yao yote. Wasia unatolewa kwa ajili ya nani kama hakuna kesho? Watu walioweza kungoja zamu kwa miaka thelathini walikuwa na kesho ndefu, tena kesho waliyoishi kwa pamoja, na hao ndio wazazi wa wanaongoja leo kule Lawrence Heights.

Lakini kosa ninalolijali zaidi si hilo, na liligunduliwa mapema na Okot p'Bitek wa Uganda. Katika kitabu chake cha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuhusu dini za Kiafrika katika usomi wa Kimagharibi, Okot aliwashambulia wasomi Waafrika, Mbiti akiwamo, kwa kuwavika miungu wa Afrika kanzu za Kiyunani ili wapendeze mbele ya Wakristo: wa milele, ajuaye yote, awezaye yote. Nakubaliana na Okot katika nusu ya hoja hiyo. Hitimisho lake kwamba tumwache Mungu wa Wakristo silikubali. Lakini aliona jambo ambalo sisi waumini tulipaswa kuliona kwanza. Mbiti alitaka kututenganisha na wakati wa Mzungu kwa watu, huku kwa Mungu akiacha kanzu ya Boethius palepale ilipo. Tukabaki na watu wanaodaiwa hawana kesho, wanaoomba kwa Mungu anayedaiwa hana hata leo. Wataonana wapi?

Walioko Toronto hawahitaji kwenda mbali kumtafuta aliyelipigania jambo hili. Clark Pinnock alizaliwa katika jiji hilohilo mwaka 1937, akafundisha kwa miaka mingi chuo cha teolojia cha McMaster, Hamilton, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Mwaka 1994 yeye na wenzake wanne walitoa kitabu kilichodai kwamba Mungu anaishi nasi ndani ya wakati na kwamba kesho haijafungwa yote. Mwaka 2003 chama cha wanateolojia wa kiinjili cha Marekani kilipiga kura kama kimfukuze. Kura za kumfukuza hazikutosha. Sikubaliani na Pinnock anapokaribia kusema kwamba Mungu hajui tutakalochagua. Mungu anaijua kesho, ila anaijua kama kesho. Kuijua kesho ni jambo moja, na kesho kuwa imekwisha ni jambo jingine kabisa.

Barabara ileile ya Allen ingewasaidia wahubiri wa mtaa ule kuelewa tofauti hiyo. Ilichorwa iteremke mpaka katikati ya jiji, ikiitwa Spadina Expressway. Ramani zilikuwapo, na kazi ilikuwa imeanza. Wananchi wakapinga, mwandishi Jane Jacobs akiwa mmoja wao, na mwaka 1971 waziri mkuu wa jimbo, William Davis, akaisimamisha. Mpaka leo inafika Eglinton na kukoma. Waliokataa walifanya hivyo kwa sababu hawakukubali kwamba kilichochorwa kimeshatendeka. Mtu aliyefundishwa kanisani kwamba "lini" si swali la kiroho hatauliza lini hata katika mkutano wa wapangaji, pale anapoambiwa tu kwamba nyumba yake mpya inakuja. Ninaona huzuni kwamba ujasiri wa kuuliza, ambao Zaburi ya 13 inauonyesha kwa kuuliza hata lini mara nne mfululizo, tumeufundisha watu wetu kuuona kama upungufu wa imani.

Watakuja na sayansi pia. Watasema Einstein amethibitisha kwamba jana, leo na kesho ni sawa tu. Nadharia yake inasema mambo ya ajabu kuhusu vipimo vya wakati ndani ya ulimwengu, na wanafizikia wenyewe bado wanabishana inamaanisha nini kuhusu kesho. Kuikimbilia ili kuokoa wazo la Plato ni kuchagua ushahidi baada ya hukumu.

Pingamizi la mwisho ndilo la haki zaidi, na nimeulizwa na watu wanaompenda Mungu kweli: kama yuko nasi ndani ya wakati, je, tutamtegemea vipi? Hatakuwa ameshikwa na matukio kama sisi? Mwanafalsafa Nicholas Wolterstorff alilijibu hili mwaka 1975, alipotetea kwamba Mungu ni wa siku zote, hana mwanzo wala mwisho, lakini si wa nje ya siku, kwa kuwa Mungu anayeokoa ni Mungu anayetenda jambo kisha jingine. Miaka minane baadaye mwanawe Eric, kijana wa miaka 25, alianguka mlimani akafa, na kitabu alichoandika Wolterstorff juu ya msiba huo kinamzungumzia Mungu anayeteseka. Mungu wa Boethius angemwona Eric akiwa hai na Eric akiwa amekufa kwa utulivu uleule, mara moja, daima. Baba yule asingeweza kumlilia Mungu wa namna hiyo, nami siwezi.

Na kuhusu kutegemea: ahadi ni kitu cha wakati. Hakuna anayeahidi kilichokwisha. Nikikuambia nitakuja, nimeweka neno langu kati ya leo na siku nitakayofika, na uaminifu wangu unaonekana katika umbali huo. Ukiuondoa umbali umeondoa na uaminifu, ukabaki na mandhari tu.

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, kinasimulia ugonjwa wa Hezekia. Nabii Isaya alitumwa amwambie atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu atakufa. Neno la Mungu lilikwisha kutamkwa. Mfalme akageukia ukuta, akaomba, akalia sana. Isaya alikuwa hajavuka bado ua wa kati neno la pili lilipomfikia: rudi, kamwambie nimeyaona machozi yake, nitamwongezea miaka 15. Jibu lilikuja ndani ya hatua ambazo mzee anazitembea kutoka kitandani kwa mgonjwa mpaka uani. Mwandishi ameupima muda huo kwa makusudi, tena akaongeza kivuli kilichorudi nyuma madaraja 10 kama ishara. Hezekia alikuwa amekwisha kusikia hukumu yake kwa kinywa cha nabii wa kweli. Kama angekuwa amefundishwa kwamba kwa Mungu kifo chake kimeshatokea, angegeukia ukuta vilevile, asifungue kinywa, na Isaya angefika nyumbani kwake.